Ukurasa Unapendeza, Wateja Hawaji: Kutafuta Tatizo Liko Wapi

Haya ni kwa wenye biashara ndogo za Unguja na Pemba wanaoendesha kurasa zao wenyewe: nyumba za wageni za vyumba vichache, migahawa, watembeza wageni, mafundi wa kanzu na kofia, vikundi vya akina mama wa sabuni za mwani. Mambo yakienda kombo mtandaoni, wa kwanza kulaumiwa huwa simu, eti kamera mbovu, na wa pili Instagram, eti wametubania. Mara chache sana tatizo huwa hapo. Ukurasa huharibika kabla hata picha haijapigwa, kwa sababu hakuna aliyekaa akaamua unazungumza na nani na unataka mtu huyo afanye nini akishamaliza kutazama. Dalili zote zilizomo humu, karibu zote, zinarudi kwenye uamuzi huo ambao haukufanywa.

Kabla ya kugusa chochote

Azima simu ya mtu asiyekufuata. Fungua ukurasa wako humo, tazama picha tisa za juu na yale maneno machache chini ya jina, kisha mrudishie simu yake na umuulize: hii ni biashara gani, iko sehemu gani, na ukiitaka unafanyaje? Akishindwa hata moja, acha kufikiria video mpya. Tengeneza hapo kwanza.

Halafu fungua ujumbe wote ulioingia mwezi uliopita, Instagram na WhatsApp, na uandike kwenye daftari kila swali lilivyoulizwa. Usilisafishe. "Teksi kutoka eapoti bei gani?" "Kuna feni au AC?" "Hii bima ya lazima nainunua wapi?" (Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na bado kuna wanaoisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kata tiketi.) Orodha hiyo itakufaa kuliko mafunzo mengi ya kulipia. Maswali yanayojirudia ndiyo mambo ya kuposti, na kama swali lile lile limeulizwa na watu wengi, maana yake ukurasa haulijibu.

Dalili: laiki nyingi, hakuna anayeuliza chumba

Angalia kwanza wanaopenda ni akina nani. Kama akaunti imewekwa kuwa ya biashara, Instagram inaonyesha wafuasi wako wako nchi gani na miji gani. Nyumba nyingi za wageni zikifungua sehemu hiyo zinakuta majirani, binamu walioko Dar es Salaam, wenye hoteli wenzao na madereva wa teksi. Watu wema wote hao, ila hakuna hata mmoja atakayelala kwako. Picha zinawafurahisha kwa sababu ni za kwao.

Hapa Zanzibar jambo hili lina uzito wake, maana mteja wetu ni wa namna mbili na hawafanani. Kuna mgeni wa Italia au Poland ambaye hajawahi kufika, hajui Paje iko pwani gani, anaogopa kutapeliwa na mapapasi (madalali wa mitaani wanaowafuata wageni), na anapanga safari miezi kabla. Na kuna mtu wa nyumbani au wa bara anayetaka kuja wikiendi hii kwa boti, anajua Forodhani ni wapi, anataka bei kwa shilingi na anataka jibu leo. Posti ya kumshawishi wa kwanza inamchosha wa pili. Ya kumpata wa pili, yule wa kwanza haielewi.

Ukiwa na mikono michache, wagawe kwa njia. Acha Instagram iwe ya mgeni wa mbali, kwa Kiingereza rahisi. Stetasi ya WhatsApp na Facebook ziwe za wenyeji na watu wa bara, kwa Kiswahili cha kawaida na bei ya shilingi. TikTok ingia kama kuna mtu kwenye biashara anayeipenda mwenyewe; ya kulazimishwa inaonekana. Maelezo ya lugha mbili chini ya picha moja yanakubalika, ila mimi nayaona kama mtu anayehutubia huku akigeuza shingo kulia na kushoto.

Chanzo kingine ni kidogo na kinaudhi: hakuna mlango. Mtu amependa, anataka kuuliza, anakuta namba ya simu inaanza na sifuri. Aliyeko Milano hajui kwamba aitoe sifuri aweke +255. Andika namba kamili, au weka kiungo kinachofungua WhatsApp moja kwa moja, na weka pini ya ramani iliyo sahihi. Walioko Mji Mkongwe wana kazi zaidi, kwa sababu gari haliingii kwenye vichochoro na pini inaweza kumpeleka mgeni ukuta wa nyuma. Piga video moja ya kutembea kutoka pale teksi inaposimama, iwe Darajani au Forodhani, mpaka mlangoni kwako, bila muziki, ukionyesha kila kona ya kukata. Ihifadhi juu ya ukurasa pasipofutika. Itafanya kazi miaka.

Dalili: "Bei gani?" "Njoo inboksi." Kimya.

Bei haipo hadharani, na sababu zinazotolewa ni mbili: washindani wataiona, na bei hubadilika kwa msimu. Washindani wanaijua tayari. Wanawatuma wapwa zao wakuulize. Na kubadilika kwa msimu ni jambo la kuandikwa, halina haja ya kufichwa: bei ya kuanzia, miezi inapopanda, kilichomo ndani yake na kisichokuwamo. Mtu akiona bei inamzidi hatakusumbua. Akija inboksi baada ya kuiona, anakuja kuuliza tarehe.

Kama ujumbe unaingia usiku na kujibiwa keshokutwa, hilo ni tatizo jingine na dawa yake haipo kwenye posti. WhatsApp ya biashara ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja na kuyaita kwa kifupi, na ina ujumbe wa kujituma wenyewe wakati haupo. Andika majibu ya yale maswali ya kwenye daftari, na uwe unayapitia, maana jibu la mashine lenye bei ya mwaka juzi linaleta ugomvi mapokezi.

Dalili: ukurasa una sura tano

Jumatatu machweo, Jumanne nukuu ya hekima juu ya maua, Jumatano kadi ya "Ijumaa Karim" iliyotangulia siku mbili, Alhamisi tangazo la kazi, Ijumaa picha ya timu ya mpira ya kijana anayeshika simu. Mwenye biashara anaambiwa hana mpangilio, anakimbilia kununua nembo mpya na kubadilisha rangi. Rangi zikibadilika, sura zinabaki tano.

Chagua mambo matatu utakayoyazungumza mwaka mzima, na uyatoe kwenye lile daftari. Nyumba ya wageni ya Jambiani inaweza kuamua: bahari na maji yake, chakula cha jikoni kwetu, na namna ya kufika na kuzunguka. Mtembeza wageni wa mashamba ya viungo ya Kizimbani au Kidichi: mmea mmoja mmoja kuanzia mti mpaka sufuria, watu wanaoulima na kuupanda, na maswali ya wageni. Kikundi cha sabuni ya mwani: kazi ya pwani, kazi ya jikoni ambako sabuni inapikwa na kukatwa, na namna ya kuinunua na kuifikisha.

Kila wazo jipya likija, uliza linaingia kwenye lipi kati ya matatu. Lisipoingia popote, liende kwenye stori, ambayo hupotea baada ya saa 24, au libaki kwenye simu yako. Salamu za Idi na Mapinduzi zipeleke huko huko kwenye stori. Hakuna aliyewahi kuchagua hoteli kwa sababu ya kadi ya Januari 12.

Muonekano? Tumia aina moja ya herufi, piga picha mchana karibu na dirisha au nje, na acha vichujio vinavyofanya bahari iwe ya buluu isiyokuwepo duniani. Yatosha.

Dalili: mgeni anafika, anauliza bahari iko wapi

Hii ni dalili ya mtandaoni ingawa inaonekana mapokezi, na baadaye kwenye maoni yenye nyota mbili. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe mpaka Jambiani, maji yakitoka yanatoka kweli. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na kwa kuwa pwani ni tambarare mpaka kwenye mwamba, bahari inaondoka mbali kiasi cha mgeni kudhani amedanganywa. Na amedanganywa, kwa namna fulani: ukurasa mzima una picha za maji yamejaa.

Wengi huogopa kuonyesha maji yametoka. Mimi nasema fanya kinyume chake. Sema wazi, mapema, na uligeuze kuwa moja ya mambo yako matatu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua. Katikati yake ni maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali. Huhitaji kumfundisha mgeni yote hayo. Mwandikie tu: siku mbili tatu hizi maji yametoka asubuhi, hakuna kuogelea mpaka mchana, lakini ndio wakati wa kutembea mpaka mwambani na kuona mashamba ya mwani, jioni tutaogelea. Posti ya namna hiyo kila wiki inakufanya uwe mtu anayeijua pwani yake, na inampunguzia mgeni malalamiko kabla hajapanda ndege.

Kwa anayepiga picha kuna faida ya ziada. Kwetu huku siku za bamvua kupwa huangukia kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Maana yake, mara mbili kwa mwezi unapata maji yamejaa na jua limeshuka magharibi, nyuma ya mgongo wako, likimulika bahari yote ya mashariki. Hizo ndizo siku za kutoa kamera. Na asubuhi ya siku hizo hizo akina mama wako kwenye mwani. Ukiwa na kalenda ya mwezi ukutani, tayari una ratiba ya kupiga picha, na hakuna programu ya simu itakayokupangia vizuri zaidi.

Kosa linalofanana na hili ni la machweo. Kuna nyumba za Paje na Bwejuu zinazoposti jua likizama baharini. Paje jua linachomoza baharini. Linazama juu ya minazi. Picha hiyo imepigwa Nungwi au Kendwa, au Michamvi upande wa Kae unaotazama ghuba ya Chwaka. Mgeni aliyekuja na mchumba wake kwa ajili ya picha hiyo hatasahau.

Dalili: wiki moja moto, mwezi mzima kimya

Chanzo cha kawaida ni kwamba posti hutegemea hamu ya siku na bando lililobaki. Mwenye biashara akipata nafasi anapandisha saba kwa mpigo, kisha wageni wanajaa, simu inakaa chini. Wageni wakiondoka anakumbuka ukurasa, na kwa kuwa wameondoka hana cha kupiga picha.

Tenganisha siku ya kupiga na siku ya kuposti. Siku mbili za bamvua katika mwezi zinatosha kukupa picha na video za wiki kadhaa. Meta wana zana ya bure ya kupanga posti za Facebook na Instagram mapema zikatoka zenyewe. Kaa nayo jioni moja yenye mtandao mzuri, pakia yote, ondoka. Posti mbili kwa wiki zinazojibu maswali ni nyingi. Na hangaiko la saa ya kuposti ni dogo kuliko linavyovumishwa: Roma na Warsaw ziko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa joto lao na saa mbili wakati wa baridi, basi. Saa mbili ya usiku wetu nao hawajalala.

Kubwa zaidi ni kalenda ya mwaka, na hapa ndipo wengi hupishana na mteja. Tunaposti tunachokiona leo. Julai nyangumi wakipita, tunaposti nyangumi. Lakini aliyetaka kuja Julai alishaamua zamani. Video ya Julai ihifadhi, itoe Februari na Machi mwaka unaofuata, wakati watu wa Ulaya wanapanga likizo ya kiangazi. Picha za Kaskazi, Desemba mpaka Februari, bahari ya pwani ya magharibi ikiwa shwari na joto limepanda, zitoe Agosti na Septemba. Ukienda hivyo masika hayatakutisha tena. Aprili na Mei mvua inanyesha, hoteli kadhaa zinafunga kwa matengenezo, na kurasa nyingi zinakufa kabisa, wakati huo ndio muda wa kutumia akiba ya mwaka uliopita na wa kujibu maswali kwa utulivu. Wenye moyo waonyeshe pia mvua yenyewe na bei yake iliyoshuka. Wapo wageni wanaoitaka.

Yanayorudi kila mwaka yaandike kabisa: Sauti za Busara mwezi wa Februari, Mwaka Kogwa pale Makunduchi mwezi wa Julai, msimu wa upepo wa Kusi kwa wanaokuja Paje kurusha tiara za majini. Ila usinakili kalenda ya mwaka jana kwa Ramadhani. Inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu: mwaka 2026 imeanguka Februari na Machi, ikiwa juu ya msimu wa wageni, na mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Posti ya Ramadhani inayofaa mgeni ni ile inayomwambia mapema migahawa ipi mitaani itafungwa mchana, avae vipi mjini, asile wala kunywa barabarani, na kwamba jioni baada ya futari mji unaamka upya. Ukiinyamazia atayajua akishafika, akiwa na njaa.

Dalili: biashara iko Pemba, ukurasa unanukia Nungwi

Mchanga mweupe, "paradiso", minazi, hashtagi ya Zanzibar. Anayefuata hashtagi hiyo anatafuta Nungwi, na akija Pemba kwa kutafuta Nungwi atasikitika. Mwenye biashara wa Chake Chake au Konde amejificha kwa maneno yake mwenyewe.

Pemba haina haja ya kuazima. Ina karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi kando ya barabara wakati wa mavuno, ina msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi pembeni yake, ina kisiwa cha Misali na kuta za matumbawe zinazoshuka ghafla ambazo wapiga mbizi wanazifuata kutoka mbali, ina popo wake mkubwa asiyepatikana penginepo duniani, ina mchezo wa ng'ombe. Jina la Pemba litangulie kila mahali: kwenye jina la ukurasa, kwenye maelezo, kwenye maneno ya kwanza ya posti. Utapata wafuasi wachache zaidi, na hao wachache wanakuja kwa ajili yako.

Swali la Pemba ni moja juu ya yote: nafikaje? Jibu lake likae juu kabisa, kwenye moja ya zile posti tatu ambazo Instagram inakuruhusu kuzibandika zisishuke. Ndege zinatua Chake Chake, boti za kutoka Unguja hufika Mkoani, na kutoka Mkoani kwenda Konde ni kukata karibu kisiwa kizima. Mtu akijua hilo atakuuliza usafiri, na hapo umeshaanza kumuuzia.

Dalili: mtaani wamenuna

Kuna posti zinazopendwa na wageni na kukuletea sheha mlangoni. Mwanamke akiwa kwenye mwani, nguo zimelowa, amepigwa kwa mbali bila kujua. Watoto wa chuoni wakitoka madrasa, nyuso wazi. Watu wamesimama kuswali. Kijana aliyepiga hakuwa na nia mbaya. Hakuambiwa tu kwamba kuomba ruhusa ni sehemu ya kazi.

Weka sharti kwenye biashara yako na ulisimamie: shikamoo kwanza, maelezo ya picha inaenda wapi, na akikataa basi imekwisha, hakuna kumbembeleza. Akikubali, mwonyeshe kabla haijapanda. Mikono, kamba, vigingi na magunia vinaeleza kazi ya mwani vizuri bila uso wa mtu. Watoto usiwapige kabisa bila mzazi. Na wageni wako wenyewe waulize pia. Yule aliye kwenye nguo za kuogelea anaweza asipende kuonekana na ofisi nzima ya kwao, na jirani yako anayekuuzia samaki hapendi kumwona kwenye stetasi yako jioni ya Ijumaa.

Dalili: wafuasi wamepanda ghafla, mauzo yale yale

Ama umenunua wafuasi, na hao hawatakuja kamwe. Ama umeendesha shindano la "fuata na utaje watu watatu", na umepata wanaopenda mashindano. Ama video ya urojo imevuma, na umepata wanaopenda urojo, jambo zuri kama unauza urojo. Rudi kwenye mambo yako matatu, usijaribu kurudia bahati. Kinachofaa kuhesabiwa kila mwezi ni watu wangapi wameuliza, wangapi wameweka nafasi, na wangapi waliosema walikuona wapi. Waulize wakifika, daftari la mapokezi linatosha.

Dalili: tangazo la WhatsApp halifiki, video inafika imefifia

Mambo mawili ya kiufundi. Ujumbe unaotumwa kwa orodha ya watu wengi kwa pamoja huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Kwa hiyo mgeni au mteja akiwa bado mbele yako, mwombe aihifadhi papo hapo, kwa jina la biashara. Na video ukimtumia kijana wa kuposti kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama faili, au ipakie kutoka kwenye simu iliyoipiga.

Dalili: aliyekuwa akiposti ameondoka, na ukurasa ameondoka nao

Huyu alifungua akaunti kwa barua pepe yake na namba yake, kwa sababu siku ile yako ilikuwa haina chaji. Miaka ikapita. Akapata kazi hoteli kubwa, au mmegombana, na kila ukijaribu kuingia tarakimu za uthibitisho zinakwenda kwenye simu yake. Kama bado mnasemeshana, mfuate leo, si baada ya Idi. Abadilishe barua pepe na namba ziwe za biashara, aiondoe akaunti kwenye kifaa chake, na uthibitisho wa hatua mbili uwekwe kwenye laini inayokaa ofisini. Ukurasa wa Facebook mwongeze mtu wa pili mwenye mamlaka kamili, awe ndugu au mshirika. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, likae panapokaa leseni ya biashara.

Panapokaa karatasi hiyo weka na nyingine: majina, barua pepe na namba za simu za wageni waliokwisha lipia, pamoja na tarehe zao. Mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025, na Oktoba 29 mwaka huo, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waliokuwa na kila kitu ndani ya WhatsApp hawakujua nani anafika kesho. Chapa orodha hiyo kila Jumamosi, na mpe nakala dereva anayekwenda kupokea wageni uwanjani.